Breki za Kipupwe

Gari ya baba ilikuwa ikinukia vitumbua. Kila aliyeipanda msimu ule alisema hivyo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mama alisema ni kwa kuwa baba huwachukua wanawake wanaopeleka vitumbua sokoni mjini Chake. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisema inanukia nyumba ya harusi siku ya pili, masufuria hayajaoshwa. Mimi nilikuwa nimerudi Kengeja kutoka chuo kikuu bara, nangoja kupangiwa kazi, na nilikuwa na tabia, ambayo ilikwisha kuwachosha watu wa nyumbani, ya kutokubali sababu ya mtu yeyote mpaka niipindue niione na chini yake. Harufu ile sikuipindua. Ilinichekesha tu.

Ilikuwa gari ndogo nyeusi ya Kiingereza, kuukuu, mlango wake mmoja ukifungwa kwa kamba ya usumba. Baba aliinunua kwa daktari wa serikali aliyekuwa akirudi kwao. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha malori ya tajiri mmoja wa mashamba ya karafuu, tangu ujana wake, kupita wakati wa vita, mpaka tajiri alipokufa na wanawe wakagawana malori. Kijijini hakuna aliyemwita baba kwa jina lake. Alikuwa Dereva. Mama alikuwa mke wa Dereva, na mimi, pamoja na shahada yangu, nilikuwa mtoto wa Dereva. Alichukua wagonjwa kuwapeleka hospitali, alichukua maharusi, alichukua watu wanaokwenda Wete kuwahi vyombo vya baharini vya kwenda Tanga. Safari hizo hazikumtajirisha. Zilimpa mahali pa kukaa duniani.

Siku gari ilipotuingiza mashakani, mimi sikuwamo. Nilisimuliwa na watu wengi, na masimulizi yao hayakulingana hata kidogo, isipokuwa kwa haya. Ilikuwa mchana. Baba alikuwa anarudi kutoka Chake, shangazi amekaa nyuma pamoja na jirani yetu mmoja mwanamke. Walipofika kwenye mteremko unaoshuka kutoka mikarafuuni mpaka bonde la mpunga, penye daraja jembamba, gari haikupunguza mwendo. Ilivuka daraja kama inayofukuzwa, ikaacha barabara, ikaingia mpungani na kukaa. Hakuumia mtu. Taa moja ilivunjika. Shangazi alishuka na matope mpaka magotini, na kabla hajauliza viatu vyake viko wapi, alinyoosha mkono akamwambia baba, "Lete ufunguo."

Baba hakumpa.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, shangazi alikuja nyumbani, akakaa barazani, akafungua kijaluba chake cha tambuu. Ilijulikana kuwa kikao kimeanza.

"Mie sikusomea gari," alisema. "Lakini huyu nimemtangulia kuzaliwa, na mgongoni nimembeba. Asubuhi anaendesha kama maji yanayotiririka. Ikifika mchana haoni, hasikii, mguu haufiki. Huo ni uzee. Uzee huanza mchana."

"Huanza mchana?" baba alisema. "Basi wako ulianza alfajiri."

Tulicheka, naye shangazi akacheka, lakini hakufunga kijaluba.

"Breki hazikushika, dada," baba alisema. "Nilikanyaga, pedeli ikazama mpaka chini."

"Na asubuhi yake, tulipokwenda?"

"Asubuhi zilishika."

"Tena zilishika vizuri. Gari ile ile. Haya, kilichobadilika ni nini hapo katikati? Kama si gari, ni nani?" Akanigeukia mimi. "Weye umekwenda kusoma huko mpaka nywele zimeanza kukutoka. Basi tafuta utuambie. Ni gari au ni mtu? Ikiwa ni gari, itengenezwe. Ikiwa ni mtu, ufunguo nautia humu ndani, na asiyeziogopa tambuu zangu na aje auchukue."

Baba alikuwa anautazama ukuta wa mbele. Baadaye, watu walipoondoka, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua, "Mie nikishuka humu, n'tashukia wapi?"

Swali hilo halikuulizwa kwangu.

Tulianza kwa fundi, kama watu wote. Fundi huyu alikuwa Chake, chini ya banda la makuti, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko spana yake. Aliinyanyua gari kwa jeki, akafungua gurudumu la nyuma, akatoa dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, akapitisha kidole ndani.

"Unaona, Bwana Chuo Kikuu? Kumelowa. Hii ni grisi ya ekseli imevuja. Breki shuu ikilowa grisi haishiki."

Breki shuu ni vile vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinavyobana gurudumu kwa ndani. Alivipangusa kwa petroli, akakaza, akarudisha gurudumu, akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Gari ilisimama. Ilikuwa bado asubuhi. Akamrudishia baba ufunguo kwa heshima zote, "Tayari, Mzee, Mungu akupe nguvu," kisha akanivuta pembeni nyuma ya pipa la maji.

"Gari haina kitu," aliniambia.

"Umesema ina grisi."

"Grisi ni ya kawaida. Mzee wako ana miaka mingapi?"

Nilimwambia sijui hasa, na kweli sijui. Yeye mwenyewe hajui.

"Mguu, yakhe," fundi alisema, akijipiga goti. "Mguu nao una breki yake."

Njiani kurudi baba hakuniuliza tulichozungumza nyuma ya pipa. Adabu yetu ndiyo hiyo. Mtoto hamhoji baba yake kama mshitakiwa, na baba hamuulizi mtoto ameambiwa nini juu yake. Nilikuwa nimekaa miaka bara nikifundishwa kuwa hakuna swali la haramu. Nikarudi kwetu nikakuta kuna watu ambao hawaulizwi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Kwa hiyo niliuliza kila kitu kingine. Nilimuuliza fundi, nilimuuliza jirani aliyekuwamo siku ile, nilimuuliza mama kama baba hulala vizuri. Nililala chini ya gari nikaangalia mipira na mabomba. Nilinyanyua kibao cha sakafuni, chini ya miguu ya dereva, nikafungua kile kikopo kidogo cha chuma ambamo hukaa mafuta ya breki. Yalikuwamo, si mengi lakini yalikuwamo, meupe kama maji, safi. Nilikuwa sijawahi kuona mafuta ya breki maishani mwangu. Nikafunga, nikajiandikia kichwani kuwa upande huo hauna kasoro.

Kisha nikafanya jambo nililolionea haya. Asubuhi moja, baba akiwa shambani, niliichukua gari peke yangu mpaka kwenye mteremko. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, ikirudi polepole, na gari ilikuwa nzito, kama inavutwa kwa nyuma. Lakini nilipokanyaga, ilisimama. Nikateremka mara ya pili, ikasimama tena. Nilibaki nimekaa pale chini karibu na daraja, injini inanguruma, harufu ya vitumbua imejaa puani, na nikaona kuwa ushahidi wote unakwenda upande mmoja. Ikiwa mikononi mwangu inasimama na mikononi mwake haisimami, shangazi ana haki. Nilichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyetafuta kitu akakiona.

Lakini sikumwambia shangazi. Nilijiambia kuwa bado sijamaliza. Kuna wakati kutomaliza ni njia ya kukimbia, na nilijua hivyo, nikaendelea kutomaliza.

Kilichonisaidia ni kipupwe. Usiku mmoja baridi ilikuwa kali kuliko zote za msimu, upepo wa kusi umepiga mpaka alfajiri, na asubuhi watu walijifunga mashuka mabegani. Nilitoka uani, nikaona mama ameweka chupa yake ya mafuta ya nywele juu ya ukuta, mahali jua linapofika kwanza. Kila nyumba hufanya hivyo wakati wa kipupwe. Mafuta ya nazi huganda usiku, yakawa meupe kama samli, na mwenye nywele za kusuka lazima angoje jua. Nimeiona chupa ile juu ya ukuta ule tangu nizaliwe. Asubuhi ile niliitazama nikasahau kunawa uso.

Asubuhi ngumu, mchana laini.

Nilikwenda kwenye gari, nikanyanyua kibao, nikafungua kikopo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kimeganda. Nikachovya kidole, nikanusa, kisha, kwa kuwa mtu hasadiki pua yake mwenyewe katika mambo kama haya, nikalamba. Ilikuwa nazi.

Baba alikuwa barazani, shuka begani, anakunywa chai ya mkandaa isiyo na maziwa.

"Baba, shikamoo. Samahani, nina swali."

"Marahaba. Uliza."

"Yale mafuta ya breki yaliyomo kwenye gari, uliyatia lini?"

"Baada ya Idi, Mfunguo Mosi ulipokwisha. Yalikuwa yamepungua."

"Uliyapata wapi?"

"Jikoni kwa mamako."

Nilikaa chini. Alininyooshea kikombe chake, nikakataa.

"Baba, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Hakukasirika. Alisema kama anayehesabu mifugo yake jioni. "Fundi kauliza miaka yangu. Dada yangu kauliza macho yangu. Weye ukamuuliza mamako nalala vipi, ukaliuliza na gurudumu. Mie niko hapa barazani tangu siku ile."

"Lakini mafuta ya nazi, baba!"

"Wakati wa vita hatukuwa na mafuta mengine. Meli hazikuja na vitu vya gari. Malori yote ya tajiri wangu yalikwenda kwa mafuta ya nazi, na karafuu zilifika bandarini."

"Na wakati wa kipupwe?"

"Tulikuwa tukiwasha moto mdogo wa makumbi chini yake, asubuhi, mpaka yayeyuke."

"Chini ya gari? Na petroli?"

"Petroli nayo ilikuwa haba," baba alisema.

Nilicheka mpaka mama akachungulia dirishani. Kisha nikamuuliza swali lililobaki, kwa nini hakununua mafuta yenyewe dukani, maana vita vimekwisha zamani na duka la vitu vya gari lipo Chake.

"Duka la nani?" akauliza.

Ulikuwa wakati wa siasa, na kila kitu kilikuwa na chama. Palikuwa na visima vya upande huu na visima vya upande ule. Watu waliozikana babu kwa babu walikuwa hawazikani tena. Duka pekee lililouza vitu vya gari lilikuwa la mtu wa upande wa pili, na watu wa kwetu walikuwa wameapa kutokanyaga kizingiti chake. Baba hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa gari, na gari hupandwa na watu wenye midomo. Angeonekana amesimama pale kaunta, kesho yake asingepata abiria, hata mtu wa kumpelekea maiti wake.

Mchana ule, jua likiwa limepanda, niliijaribu tena gari peke yangu, njia tambarare, mkono mmoja kwenye hendi breki. Nilikanyaga, pedeli ikazama mpaka chini chini, kama mtu aliyekanyaga tope. Mchana, kwa mguu wangu mimi, mguu wa kijana. Sasa nilielewa yote. Mafuta ya nazi yalikuwa yamelainisha na kuvimbisha mipira midogo inayoyazuia. Asubuhi yakiwa mazito hayakuweza kupenya, breki ikashika, tena ikashika hata bila kukanyagwa. Mchana yakiyeyuka yalipenya kando ya mipira na kumwagikia kwenye dramu yenye moto, nayo yakakaangika. Hiyo ndiyo harufu ya vitumbua vyetu. Grisi ya fundi haikuwa grisi.

Nilitaka kukimbia kwa shangazi. Baba alinizuia.

"Ngoja kwanza. Itengenezwe. Halafu tuone."

"Tuone nini, baba? Si imejulikana?"

"Tuone," alisema.

Kesho yake nilipanda gari ya abiria mpaka Chake, nikaingia duka lile saa ambayo mtaa umejaa. Kwenye baraza ya mbele walikaa watu watatu wa kijijini kwetu, nikawaamkia kabla sijaingia ili wasihangaike kunitambua. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitazama muda mrefu.

"Umepotea njia, mwanangu?"

"Nataka mafuta ya breki, mzee, na mipira yake." Nikamtajia gari.

"Gari ya Dereva wa Kengeja. Naijua. Mwenyewe anajua kuwa umekuja kwangu?"

"Breki hazina chama, mzee."

"Breki hazina," alisema, akipangusa vumbi juu ya kopo kwa pindo la kikoi. "Abiria wanacho. Makopo haya yamelala hapa tangu ugomvi uanze. Hebu niambie, gari za upande wenu siku hizi zinasimama kwa nini?"

"Kwa dua," nilisema.

Alicheka mpaka akavua miwani. Alinifungia vitu vyangu ndani ya gazeti, kwa kunisitiri, lakini kopo la chuma halifichiki kwa gazeti. Nilipotoka, mmoja wa wale watatu alisema kwa sauti ya kunifikia, "Ndiyo elimu hiyo." Sikugeuka. Miaka miwili kabla ya hapo ningerudi nikabishana naye mpaka adhuhuri. Sasa nilikuwa nafikiria tu kama gari ya abiria itakuwa na nafasi ya kukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa chafu na ndefu. Nilifungua kila kiungo, nikaosha mabomba kwa spiriti ya jiko la stovu mpaka ile harufu ya nazi ikaisha. Mipira ya zamani ilitoka imevimba na kulegea kama muhogo uliorowekwa. Nilitia mipya, nikajaza mafuta mapya. Ikabaki kutoa upepo, maana upepo ukibaki ndani ya bomba, pedeli huwa kama sponji. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukanyaga juu, mwingine hulala chini, akalegeza skrubu penye gurudumu, upepo utoke, akakaza kabla mwenziwe hajaachia.

Baba alikaa kwenye kiti chake. Mimi nikalala chini ya gari, mgongo juu ya gunia.

"Baba, kanyaga."

Kimya. Kisha bomba likatetemeka.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia. Leo umepata wa kumwamuru."

"Samahani, baba. Achia."

Kimya. Kisha pedeli ikarudi.

"Nimeachia."

Tulifanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Kila nikisema, palikuwa na kimya kidogo kati ya neno langu na mguu wake. Nilidhani hasikii vizuri, kwa kuwa niko chini na kuku wanalia uani. Nikaanza kusema kwa nguvu zaidi. Kimya kile kilibaki kipimo kile kile.

"Usinipigie kelele," baba alisema kutoka juu. "Nakusikia."

Nilikaza skrubu ya mwisho, nikabaki nimelala pale kuliko ilivyohitajika, natazama tumbo la gari.

Alipoambiwa kuwa gari imetengenezwa, shangazi alichagua jaribio lifanyike mchana, saa ile ile ya matope, na penye mteremko ule ule. Alikataa kupanda. "Mie n'tashuhudia kwa miguu," alisema, akatangulia, akasimama ng'ambo ya daraja na mwavuli wake mweusi, mbali kidogo na barabara, upande ambao gari haikuingia mara ya kwanza. Nadhani alipiga hesabu. Baba alivaa kofia yake ya Ijumaa. Mimi nilikaa kushoto kwake.

Mpango ulikuwa tusimame kwenye mfenesi, kabla ya daraja. Tuliteremka, si kwa kasi wala si kwa kuogopa. Alishika usukani kwa ile mikono yake mizuri ninayoikumbuka tangu utoto, vidole vimelegea, kama mtu aliyeshika tasbihi. Mfenesi ulikuwa bado mbali, alipotokea ng'ombe kutoka kwenye njia ya bondeni, kamba inaburura shingoni, akasimama katikati ya barabara na kutuangalia.

Gari ilisimama. Ilisimama vizuri, sawasawa, magurudumu yote manne, bila kuvuta upande, na pua yake ilikuwa karibu na pembe za ng'ombe kiasi cha mimi kuona nzi waliokaa juu yake. Breki zilikuwa nzima kabisa. Ng'ambo ya daraja shangazi alitupa mwavuli, akapiga kigelegele.

"Gari!" alipiga kelele. "Ilikuwa gari! Ndugu yangu mzima! Gari, maskini!" Akaanza kuja mbio, anamfukuza ng'ombe kwa ukaya wake wa kichwani.

Niligeuka kumpongeza baba. Hakuwa anamtazama shangazi wala ng'ombe. Alikuwa anatazama chini, upande wangu, kwenye mpira uliotandikwa sakafuni. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umenyooka, umeukandamiza mpira ule kwa nguvu zote, mahali pasipo na pedeli yoyote.

"Umekanyaga kabla yangu," alisema.

"Mazoea tu, baba. Nimeshituka."

"Na mie nimeshituka. Umekanyaga, nikakuona unakanyaga, ndipo nikakanyaga."

"Gari imesimama, baba."

"Imesimama. Breki nzuri sana." Alizima injini. "Zilipokuwa mbovu nilikuwa sijui ni zenyewe au ni mie. Kila siku nilikuwa nasema ni mafuta. Usiku najiuliza, nasema hapana, ni mafuta. Sasa mafuta ni mapya."

Mimi niliyezoea kuuliza kila jambo niliangalia nje ya dirisha. Nilitaka sana kuwe na sababu nyingine. Nilizitafuta, jua machoni, ng'ombe, kelele, na kila niliyoiokota niliiona ni ile ile ya mafuta ya nazi, kitu kinachotiwa kwa kuwa kile chenyewe kimekosekana.

Shangazi alifika dirishani, anahema, machozi yanamtoka. Alimshika baba shavu kama anavyoshikwa mtoto mchanga. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekusingizia uzee."

"Uzee hausingiziwi, dada," baba alisema. Lakini shangazi alikuwa anacheka na kulia, sidhani kama alisikia. Baba akafungua mlango, akazunguka mbele ya gari mkono wake ukipita juu ya boneti, akasimama upande wangu. "Sogea huko. Endesha weye. Mie leo nimechoka."

Ile leo haijaisha mpaka sasa. Kesho yake alisema ana goti, siku ya tatu akasema nizoee gari kabla sijapata kazi, kisha hakusema tena, akawa anakuja tu na kukaa kushoto. Ufunguo hunipa asubuhi, na jioni hunyoosha mkono nikamrudishia, naye huutia mfukoni mwa kanzu. Hakuniomba nisiseme. Asingeniomba. Lakini mimi najua jambo linapokuwa la watu wawili.

Kwa hiyo kijijini inajulikana kuwa mtoto wa Dereva, aliyerudi na elimu yake, amemnyang'anya baba yake gari baada ya kuthibitika hadharani kuwa mzee ni mzima. Shangazi ndiye mkali kuliko wote. "Tulikutuma uangalie breki," huniambia kila anapopanda, "hatukukutuma umshushe mwenzio." Nami huitikia, "Ndiyo, shangazi," na kubadilisha gia. Wale wa baraza ya Chake huongeza na mahali nilipoyanunua mafuta yenyewe. Nafasi ya kazi bado sijapangiwa. Nachukua wagonjwa, nachukua maharusi, na nimejua kuwa mteremko huchosha kuliko mlima.

Gari haina tena harufu yoyote. Jana niliifagia sakafu, nikanyanyua ule mpira wa upande wa kushoto kuukung'uta. Umeanza kulika, mahali pamoja tu, pa ukubwa wa sehemu ya mbele ya unyayo. Niliurudisha kama ulivyokuwa. Tunapofika kwenye mteremko wa bondeni huwa sitazami chini, lakini nasikia mguu wake ukikandamiza, baada ya wangu, kila siku kidogo baada ya wangu.